Maswali ya Nyumba: Kabla Hujalipa Mtu Kupima Kuvu

Masika ikishika Mombasa, meseji za safu hii zageuka zote kuwa za jambo moja tu, koga. Koga ukutani, koga kwenye mabuibui yaliyokaa kabatini, koga nyuma ya sofa. Na safari hii kumeongezeka lingine, wengi wauliza kuhusu hizi kampuni zinazokuja nyumbani kupima hewa na kuvu. Nimechagua maswali saba, mengine nimeyafupisha manake jamani mwaandika marefu.

SWALI: Asalaam alaikum. Nakaa fleti Nyali, ghorofa ya tatu, na watoto wawili. Mdogo akohoa usiku tangu mwezi wa nne, na chumba chao kina harufu ya nguo zilizolala na maji, lakini ukutani sioni kitu. Kuna kampuni imeniambia itakuja kupima hewa nipewe ripoti ya maabara, na bei yao ni karibu kodi yangu ya mwezi mzima. Nilipe ama naliwa pesa? (Mama Watoto, Nyali)

JIBU: Waalaikum salaam dada yangu, na pole. Kabla ya hiyo pesa kutoka mpeleke mtoto hospitali. Kikohozi kikipita wiki mbili hapa kwetu chapaswa kuangaliwa TB, na hospitali za serikali huduma hiyo ni bure, halafu waangalie na pumu. Kuvu yaweza kuamsha pumu na aleji, hilo ni kweli kabisa, lakini si kila kikohozi ni kuvu, na ripoti ya hewa ya nyumba haimwambii daktari mtoto ana nini.

Sasa hio kampuni. Mimi sisemi ni wezi, kazi yenyewe ni ya kweli na vifaa vyake ni vya kweli, ila wateja wengi walipa kitu wasichokijua. Mpimaji anayejua kazi huanza na macho na pua. Ataingia, atauliza maji yalivuja wapi na lini, atapanda juu kuangalia tangi kama lafurika usiku, atauliza bafu la jirani wa juu liko upande gani, atavuta kabati litoke ukutani, kisha atapitisha mita ya unyevu ukutani polepole kutoka sakafuni kwenda juu akitafuta pale namba inaporuka. Wengine wana kamera ya joto, ile inayoonyesha ukuta kwa rangi, sehemu yenye maji mara nyingi hutokea baridi kuliko zingine. Kamera hio haioni maji wala haioni kuvu, yaona joto tu, kwa hivyo palipoonekana baridi lazima paguswe na mita pahakikishwe. Akija mtu moja kwa moja na pampu, hajauliza hata swali moja, mpe maji anywe aende zake.

Pampu yenyewe yafanya kazi hivi. Yavuta hewa lita 15 kwa dakika, kwa kawaida dakika 5, jumla lita 75, na hio hewa yapita ndani ya kidude kidogo cha plastiki chenye kioo kinachonata, zile spora, yaani mbegu za kuvu zinazoelea hewani, zagandama hapo. Maabara wazihesabu kwa darubini kisha wakuza hesabu ili isomeke kwa mita moja ya ujazo. Hapa ndo watu hutishwa. Lita 75 ni kama sehemu moja kati ya 13 za mita ya ujazo, kwa hivyo kioo kizima kikihesabiwa na ikaonekana spora moja, moja tu, ripoti yaandika 13. Zikiwa mbili yaandika 27, tatu 40. Ukiletewa karatasi imeandikwa Stachybotrys 13 kwa wino mwekundu, ile kuvu nyeusi inayosifiwa vibaya mitandaoni, na mtu akuambia nyumba ina sumu mhame leo, jua kuna binadamu maabara aliona spora moja.

Na kinyume chake pia chawezekana. Hio Stachybotrys mbegu zake ni za majimaji, zanata, hazipendi kuruka, kwa hivyo ukuta nyuma ya kabati waweza kuwa mweusi tititi na hewa ya katikati ya chumba ikatoka safi kwenye karatasi. Pia dakika 5 ni dakika 5. Ukifagia kabla hajaja hesabu yapanda, mvua ikinyesha asubuhi hesabu ya nje yabadilika, feni ikiwa imewashwa ni mambo mengine.

Ndo maana lazima achukue sampuli ya nje siku hiyohiyo saa hiyohiyo, bila hio ya nje namba za ndani hazina maana yoyote. Manake hakuna namba ya kusema hapa ni salama na hapa ni hatari. WHO walitoa mwongozo wao wa unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009 na hawakuweka kiwango cha spora, walisema tu unyevu uzuiwe na kuvu iondolewe. Serikali ya Marekani pia haina kiwango. Kinachoangaliwa ni kama ndani kumezidi nje sana, ama ndani kuna aina ambazo nje hazipo. Na sisi wa Mombasa tunaoishi madirisha wazi mchana kutwa, hewa ya ndani na ya nje ni ndugu, mara nyingi umelipa kupimiwa hali ya hewa ya Nyali.

Kwa hali yako wewe, harufu ipo na kuvu haionekani, hapo kipimo chaweza kuwa na faida, sikatai, lakini kiwe cha mwisho. Kwanza vuta kabati na vitanda, tia tochi nyuma. Inua godoro, angalia chini yake na mbao za kitanda. Kama kuna AC fungua kifuniko uchungulie ndani na tochi. Pandisha mkono juu ya dari ya jipsamu pale inapokutana na bafu. Ukipata, kazi imekwisha, huhitaji maabara kukuambia kwamba kuvu ni kuvu, hata shirika la mazingira la Marekani, EPA, lasema kuvu ikionekana kwa macho mara nyingi hakuna haja ya sampuli, ni kutafuta maji na kusafisha.

Usipopata kitu na harufu haitoki, waite, lakini uwaulize kwanza maabara yao ina ithibati ya KENAS, shirika la Kenya linaloidhinisha maabara, kwa kipimo hicho hasa, si kwa maji ya kunywa au mafuta. Sampuli ngapi za ndani na ngapi za nje. Na nani atasafisha wakipata kitu, hili ndo swali kubwa, manake akisema ni sisi wenyewe na tuna ofa, basi kila nyumba atakayoingia itakuwa na kuvu. Kule Texas sheria yakataza mtu mmoja kupima na kusafisha kwenye kazi hiyohiyo. Hapa hatukatazi, kwa hivyo jikatazie mwenyewe.

SWALI: Nyumba yetu ya urithi iko Mji wa Kale, kuta za mawe na chokaa. Fundi alitupigia plasta ya simiti sehemu ya chini na rangi ya mafuta juu yake, sasa rangi yavimba na kutoka unga mweupe kila tukifuta warudi. Vijana wasema ni kuvu, tuite watu wa maabara. (Mzee wa mtaa, Mji wa Kale)

JIBU: Shikamoo ami. Maabara ya nini, kipimo unacho jikoni. Kwaruza huo unga kidogo kwenye kijiko utie matone ya maji. Ukiyeyuka ukapotea ni chumvi. Kuvu haiyeyuki, yabaki imeelea. Mimi naweka dau ni chumvi, na tena rangi ikivimba vile kuanzia chini kwenda juu mpaka kimo cha kiuno, hiyo ni maji ya ardhini yapanda.

Mawe yetu ya matumbawe yanywa maji, wazee walilijua hilo na ndo maana walipaka chokaa, chokaa yaachia unyevu utoke nje taratibu ukuta ukabaki mkavu. Fundi akija na simiti na rangi ya mafuta amefunga njia, maji hayaachi kuja, yapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo ikikauka yaganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Ukipiga simiti nyingine juu ya ile, mwakani utaiona chumvi imehamia ghorofa ya kwanza.

Bomoeni hiyo plasta ya simiti mpaka juu ya pale alama ya maji inapoishia, pasafisheni na brashi kavu, msioshe na maji, kisha acheni ukuta upumue. Si wiki mbili, ni miezi, na mtachoka kuutazama lakini acheni. Halafu plasta ya chokaa na mchanga usio wa bahari, na juu yake chokaa ya kupaka, si emalshani ya plastiki. Faida nyingine, chokaa mbichi ni kali na kuvu haipendi kuota juu yake. Mkague pia kopo la mvua la darini lamwaga wapi, na bomba la choo, nyingi za nyumba zile ukuta unalia kwa sababu ya maji machafu na si ya ardhi. Na kabla ya nyundo piteni ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, wale walio chini ya Makumbusho ya Taifa, kuna mambo hayaruhusiwi na pia wanawajua mafundi wa chokaa waliobaki, ambao si wengi.

SWALI: Je nikifukiza udi kila jioni yaua kuvu? Harufu yaondoka kabisa. (Bi harusi mpya, Majengo)

JIBU: Hongera mwanangu. Udi wafunika harufu, kuvu iko palepale yaendelea kula. Na moshi wa udi na ubani una vumbi laini lilelile linalopimwa kwenye hewa chafu, WHO tangu 2021 wasema lisizidi wastani wa maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku nzima, na chumba kilichofungwa na chetezo ndani chapita hapo bila jasho. Sisemi uache udi, nani Mombasa ataacha udi, lakini fukiza madirisha yakiwa wazi, na kama kuna mwenye pumu nyumbani asiwe chumbani. Mkaa wa chetezo nao ukizimikia ndani ya chumba kilichofungwa watoa ile hewa ya mkaa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, kwa hivyo utoe nje kabla hamjalala.

SWALI: Nimeona mtandaoni kuna kisahani cha kupima kuvu, waacha wazi chumbani siku mbili kisha wafunika. Ni rahisi. Nichukue? (Kijana wa Tudor)

JIBU: Weka pesa yako. Kisahani kile kitaota kuvu hata ukikiweka msikitini, manake spora ziko kila hewa duniani na kile ni chakula chao. Hakijui kilipokea hewa kiasi gani kwa hivyo hakina hesabu, na mbegu nzito ndizo zinazoanguka, nyepesi zapita. Hio pesa nunua haigromita, kile kisaa kidogo cha kupima unyevu wa hewa. Nacho kijaribu kwanza: chukua kifuniko cha chupa, tia chumvi ya mezani, lowesha kidogo iwe uji mzito isiyeyuke yote, weka pamoja na haigromita kwenye mfuko wa nailoni ufungwe vizuri, ukae kuanzia asubuhi hadi usiku. Ndani ya mfuko lazima kisome 75. Kikisoma 68 jua chako chapunguza 7, andika na kalamu mgongoni.

SWALI: Mume wangu asema kuvu ya ukutani ndo ileile ya mahindi iliyoua watu Ukambani, na ati tukikaa hapa tutakufa ini. Kweli? (Mama wa Mikindani)

JIBU: Ni ukoo mmoja lakini njia tofauti. Ile ya 2004, Makueni na Kitui na sehemu za jirani, waliokufa walihesabiwa 125, na walikula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yakaota Aspergillus flavus, hio kuvu yatengeneza aflatoksini ndani ya nafaka. Ni sumu ya kula. Ukuta haukuuwi ini kwa kukaa karibu nao, hatari yake ni kifua, pua, na kwa mwenye kinga dhaifu mapafu. Kwa hivyo mwambie bwana ukuta tutausafisha, lakini gunia la mahindi liinueni kutoka sakafuni lisiguse ukuta, na yaliyoota mtupe, msiwape kuku. Kuosha na kupika hakuondoi aflatoksini.

SWALI: Chumba chetu cha kulala kina AC, twaiwasha usiku kucha namba 18. Asubuhi kioo cha dirisha chatoka jasho kwa nje na kona ya dari imeanza madoa meusi. Fundi AC asema tuongeze kubwa zaidi. (Jirani wa Bamburi)

JIBU: Msiongeze. AC ikiwa kubwa kuliko chumba yapoza haraka kisha yazima, na kukausha hewa kwahitaji muda, kwa hivyo mtapata chumba baridi chenye unyevu, na hicho ndicho kuvu inachokitaka. Hewa yetu ya pwani unyevu wake kwa kawaida ni 70 na kitu mpaka 80 na kitu, ikigusa kitu baridi yaacha maji. Hio kona ya dari yenu nashuku kuna upenyo, ama dari yapakana na paa lenye joto, hewa ya nje yaingia na kukutana na ubaridi wa 18.

Pandisheni iwe 24 au 25 na feni ya dari juu yake, mtalala vizuri na bili ya stima itashuka. Mlango na madirisha yafungwe kweli AC ikiwa inafanya kazi, si nusu. Osheni chujio, na muone bomba la maji la AC kama latoa nje mfululizo, likiziba maji yarudi ndani ya mashine na kuvu yaota kwenye ile feni ya ndani, hapo ndo ile harufu ya dakika ya kwanza ukiwasha. Ikishafika huko yataka kufunguliwa ioshwe na fundi, dawa ya kupuliza kutoka mbele haifiki.

Madoa yakiwa madogo, chini ya futi 3 kwa 3, safisheni wenyewe: sabuni ya kawaida na maji, glavu, barakoa ya N95, dirisha wazi, sugua, kisha kausha na feni siku nzima. Kwenye jipsamu iliyolainika msisugue, ikateni mtoe kipande. Jik si lazima, na ukiitumia usiichanganye kamwe na dawa ya choo, hiyo gesi inayotoka ni klorini na imewapeleka watu hospitali wakiosha bafu tu.

SWALI: Nimepanga Kisauni. Ukuta wa chumba cha watoto una kuvu kubwa, mwenye nyumba asema ni makosa yetu twaanika nguo ndani na hatufungui dirisha, ati tupake rangi wenyewe. Mimi nasema ni bomba la jirani. Nikileta ripoti ya kupima hewa atalazimika kutengeneza? (Mpangaji aliyechoka)

JIBU: Ndugu yangu, ripoti ya hewa haitasema maji yametoka wapi, na ubishi wenu wote ni maji yametoka wapi. Atasoma Cladosporium, Penicillium, aina za kawaida za kuvu, atakuambia hata kwangu ziko, na atakuwa hajasema uongo.

Fanya hivi. Kata kipande cha karatasi ya foili ya jikoni, kama futi moja, pangusa ukuta ukauke juu, ibandike na selotepu pande zote nne isiingize hewa. Iache siku mbili. Ukiibandua na maji yako upande uliogusa ukuta, maji yatoka ndani ya ukuta, na ubishi wa nguo umekwisha. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa yenu, na hapo mwenye nyumba ana haki kidogo, anikeni nje, sogezeni kabati vidole vinne kutoka ukutani, fungueni madirisha ya pande mbili upepo ukatize. Piga picha kabla na baada, tarehe zionekane. Kisha mwambie jirani afunge maji yote usiku mmoja na uangalie mita yake asubuhi kama imezunguka. Kama unataka kulipa mtaalamu, mlipe wa mita ya unyevu na wa mabomba akuandikie alichokikuta, huyo ndo ripoti yake itakusaidia.

Mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, hata WhatsApp yatosha, kila mara tarehe na picha, na usiache kulipa kodi kama silaha, utajipa kesi nyingine. Akikaa kimya nenda ofisi ya afya ya umma ya kaunti, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, yahesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero, na afisa wa afya aweza kuja kukagua na kumpa mwenyewe notisi ya kutengeneza. Huyo hakugharimu maabara.

Na hio ya kupaka rangi, usikubali. Rochdale, Uingereza, kulikuwa na mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, babake alilalamikia kuvu kwenye nyumba ya kupanga mwaka 2017 akaambiwa apake rangi juu yake. Mtoto alifariki Desemba 2020, na Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ikasema ni kuvu ya ile nyumba iliyomharibu kifua. Wenzetu wakatunga sheria kwa jina lake, kwamba mwenye nyumba za umma akiambiwa kuna kuvu ana muda maalum wa kuja kuangalia na kutengeneza. Watoto wako wahamishe walale chumba kingine kuanzia leo, mambo ya bomba yafuate.